Udhamini kwa ajili ya binti mwenye ulemavu: kisa cha familia moja ya Moshi

"Nyumba ya Pasua namwachia mwanangu mkubwa. Naamini atamtunza mdogo wake."

Sentensi hizo mbili zimo kwenye wosia ulioandikwa kwa mkono na mwalimu mstaafu wa Moshi. Wosia una tarehe, saini na mashahidi, na mwenyewe aliuhesabu kuwa kazi iliyokwisha; aliuleta kwangu ili nimgongee muhuri tu. Kwa nilivyousoma ni wosia halali. Tatizo ni kwamba yule ambaye mzee alikuwa akimfikiria alipouandika, yaani binti wa mwisho, hapati kitu humo.

Majina nimeyaacha na mambo machache nimeyabadili ili familia isitambulike. Wazazi wote wawili wapo hai. Mtoto wa kwanza, wa kiume, ana duka la vifaa vya ujenzi Arusha. Wa pili ni muuguzi Minnesota, Marekani. Wa tatu ndiye kitinda mimba kwa upande wa wavulana, na kwa mila ya Kichaga ndiye aliyebaki na nyumba ya wazazi kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, Kibosho, pamoja na mkewe. Wa nne ni binti wa miaka 29 mwenye mtindio wa ubongo, kifafa na ulemavu wa akili wa kiasi. Anavaa mwenyewe, anachemsha chai, anazijua noti kwa rangi. Ila ukimpa elfu kumi ukamwomba chenji, atakurudishia ile ile elfu kumi na ya kwake juu.

Mali ni tatu: nyumba ya Pasua, hapa Moshi mjini, yenye vyumba sita vya kupangisha, kihamba cha ekari moja na nusu, na shilingi milioni 24 zilizobaki kwenye kiinua mgongo cha mzee.

Turudi kwenye lile neno "naamini". Msingi wa sheria yetu ya udhamini, yaani mtu kushika mali kwa manufaa ya mwingine, kwa sehemu kubwa ni kanuni za Uingereza zilizopokelewa Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kanuni hizo zinadai mambo matatu yawe wazi, kama yalivyowekwa katika shauri la Knight dhidi ya Knight la 1840: nia ya kumfunga mtu, mali yenyewe, na nani atanufaika. Mzee alitimiza la pili na la tatu. Kwenye nia ndipo alipoteleza. Mwaka 1884, katika shauri la Adams na Kensington Vestry, mume alikuwa amemwachia mke mali yote akiwa na imani kamili kwamba atatenda lililo sawa kwa watoto. Mahakama ikaamua kwamba mali ni ya mke moja kwa moja; ile imani haikumfunga kwa lolote.

Kwa hiyo nyumba ya Pasua ingekuwa ya kaka mkubwa. Nimekaa naye na ninamwona ni mtu mwenye utu. Lakini nyumba ikiwa yake anaweza kuiweka rehani kwa ajili ya duka. Akifa inaingia kwenye mirathi yake, mbele ya mke na watoto wake, na shangazi mwenye ulemavu anabaki kusubiri huruma ya watu ambao hawakuahidi chochote.

Mzee aliuliza swali ambalo wengi huuliza: si msimamizi wa mirathi atasimamia? Hapana, au tuseme kwa muda tu. Msimamizi hukusanya mali, hulipa madeni, hugawa, halafu hurudisha taarifa mahakamani. Katika mahakama ya mwanzo anatakiwa kupeleka orodha ya mali kwa Fomu Namba V ndani ya miezi minne, kisha hesabu kwa Fomu Namba VI, na faili linafungwa. Binti huyu anahitaji mtu wa miaka arobaini ijayo.

Kurasa 26 kutoka Minnesota

Dada wa Marekani alikuwa amekwishaona hatari hiyo. Alituma kwa WhatsApp hati ya kurasa 26, kielelezo cha udhamini wa watu wenye mahitaji maalumu kinachotumika kwao, akasema: "Baba, badilisheni majina tu, msaini."

Hati ile ni nzuri, kwa nchi yake. Kule mtu mwenye ulemavu na kipato kidogo hupokea fedha za Serikali ziitwazo SSI, na kwa kawaida haruhusiwi kuwa na mali inayohesabika ya zaidi ya dola 2,000. Akirithi nyumba anaweza kupoteza SSI na mara nyingi Medicaid pia, yaani matibabu yanayolipiwa na Serikali. Ndiyo maana mali huwekwa mikononi mwa wadhamini ili isihesabike kuwa yake. Kama mali ilikuwa yake mwenyewe, kwa mfano fidia ya ajali, sheria ya mwaka 1993 inaruhusu udhamini wa namna hiyo kwa sharti kwamba akifa, Medicaid irudishiwe gharama zake kwanza. Kama mali imetoka kwa wazazi, sharti hilo halipo.

Sasa soma kielelezo hicho ukiwa Moshi. Ibara ya sita iliwakataza wadhamini kulipia chakula na makazi ya mnufaika. Kule kulikuwa na sababu: chakula na makazi ya kupewa vilipunguza SSI (chakula kiliondolewa kwenye hesabu hiyo mwishoni mwa Septemba 2024, makazi bado yamo). Hapa ingekuwa na maana kwamba wadhamini wanaweza kumnunulia binti televisheni lakini wakimnunulia unga wamevunja hati. Ibara nyingine ilielekeza salio lirudishwe kwa jimbo kufidia Medicaid. Jimbo lipi, Kilimanjaro?

Hati ya kigeni hubeba hofu ya nchi ilikotungwa. Hofu ya kule ni kupoteza msaada wa Serikali. Huku msaada wa kiwango hicho wa kupoteza haupo. Tunachokiogopa ni mjomba mwenye karatasi na kidau cha wino, anayemwomba binti aweke dole gumba. Tunaogopa mdhamini atakayekufa hati ya nyumba ikiwa kwa jina lake, na mlezi atakayechoka, na shilingi ya leo itakayonunua nusu ya dawa miaka kumi ijayo.

Jambo moja zaidi kuhusu dada huyo, kwa sababu familia nyingi za hapa zina mtu ughaibuni. Alitaka kuchangia dola kila mwezi ndani ya udhamini wenyewe. Mkazi wa Marekani kikodi anayepeleka mali kwenye udhamini wa nje ana wajibu wa kuiarifu mamlaka ya kodi ya kule kwa Fomu 3520, na adhabu ya kutoarifu huanzia dola 10,000. Nilimwambia aongee na mhasibu wake kwanza. Mwishowe akaamua kubaki nje ya udhamini na kulipa moja kwa moja mshahara wa msaidizi pale mapato yanapopungua.

Orodha ya mama

Kabla ya kuandika ibara yoyote nilimwomba mama aniorodheshee matumizi ya binti ya mwezi. Aliandika nyuma ya karatasi ya kalenda ya parokia: msaidizi 150,000, chakula 130,000, dawa za kifafa 48,000, nauli na kliniki 40,000, nguo, sabuni na "soda ya Jumapili" 32,000. Jumla 400,000.

Vyumba sita kwa 65,000 ni 390,000, lakini nani ana nyumba ya kupangisha iliyojaa mwaka mzima? Tukahesabu vyumba vitano: 325,000. Pengo ni 75,000 kwa mwezi, sawa na 900,000 kwa mwaka, kabla bati halijavuja. Tukaangalia kiinua mgongo. Milioni 20 kwenye hatifungani za Serikali za muda mrefu, kwa riba ya mfano ya asilimia 12, huleta milioni 2.4 kwa mwaka, nusu yake kila miezi sita. Hapo pengo limezibwa na kuna milioni moja na nusu ya ukarabati na ya siku mbaya. Milioni nne zilizobaki zilikaa Mfuko wa Umoja wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, zinakoweza kutolewa binti akilazwa. Riba ya hatifungani ni ile ile hadi iive, wakati bei ya dawa inapanda, kwa hiyo ziada ya miaka ya mwanzo hailiwi. Inarudishwa kwenye uwekezaji.

Orodha ile ilibadilisha uandishi. Rasimu ya mzee ilisema binti "apewe shilingi 150,000 kila mwezi". Kiasi kilichotajwa kwa tarakimu kinazeeka vibaya. Hati ya mwisho inasema wadhamini watatumia kiasi chochote cha mapato, na cha mtaji ikibidi, wanachoona kinafaa kwa chakula, makazi, matibabu, uangalizi, usafiri na furaha yake. Neno "furaha" lilipingwa na kaka mkubwa, akisema si la kisheria. Nililiacha. Bila neno hilo siku moja mdhamini mbahili ataifuta soda ya Jumapili akidai hati haikuitaja.

Hiari hiyo ya wadhamini ina kazi nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa. Kwa kanuni ya Saunders dhidi ya Vautier, ya mwaka 1841, mnufaika mtu mzima mwenye akili timamu ambaye mali yote ni yake anaweza kudai akabidhiwe na udhamini ufe. Tukiandika kwamba nyumba ni ya binti na wadhamini wanamshikia tu, kesho atatokea ndugu atakayempeleka mbele ya mtu wa viapo na kusema mbona anajielewa, asaini. Mali ikiwa chini ya hiari ya wadhamini, hana fungu mahususi la kuuza, kuweka rehani wala kutia dole gumba.

Nani ashike nini

Hapa tulikaa sana. Mzee alitaka kaka mkubwa awe kila kitu: mlezi, mdhamini, na mrithi wa salio binti akifa. Nikamwomba aitazame nafasi hiyo bila kumtazama mwanawe. Mtu atakayepata kinachobaki ana sababu ya kutumia kidogo. Mlezi anayejilipa mwenyewe hana wa kumuuliza. Uadilifu wa mtu hauondoi mvutano huo, unamchosha tu.

Tukagawa. Mlezi ni mke wa kaka wa tatu, wifi yake binti, anayeishi naye kihambani. Analipwa posho, na hasaini benki. Wadhamini ni watatu: kaka mkubwa, binamu mmoja wa upande wa mama, na rafiki wa mzee aliyestaafu benki. Malipo yote yanahitaji saini mbili. Juu yao yuko mwangalizi, mama mdogo, mdogo wake mama, ambaye hagusi fedha lakini anapokea hesabu kila robo mwaka na anaweza kumwondoa mdhamini kwa barua. Salio litakwenda kwa wajukuu wote sawa kwa sawa, na hakuna mdhamini anayepata kitu. Udhamini unakoma binti akifa, kwa hiyo ile kanuni ya kale inayokataza mali kufungwa vizazi na vizazi haiugusi.

Mama alisaini pamoja na mzee kama waweka mali. Nyumba ya Pasua ilijengwa ndani ya ndoa kwa mishahara ya wote wawili, na mali ya ndoa iliyotolewa kwa saini ya mume peke yake ni kesi inayosubiri siku. Sahihi yake haikuombwa kwa heshima tu.

Swali la kuandikishwa RITA, wakala wa Serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, liligawa maoni. Sura ya 318 ya sheria zetu, inayohusu kuwaunganisha wadhamini wawe bodi moja, haiishii kwa makanisa na misikiti. Inataja pia watu waliofungamana kwa udugu. Faida yake ni kwamba nyumba inasimama kwa jina la bodi, na mdhamini akifa hakuna haja ya kuhamisha hati upya. Usumbufu ni katiba, mihtasari, na kupeleka mabadiliko ya wadhamini kila yanapotokea. Kwa udhamini wa milioni tatu nne nisingehangaika. Kwa nyumba na miaka arobaini nilishauri waandikishe, na benki ya kwanza tuliyoiendea ilitufundisha umuhimu wake: walikataa kufungua akaunti ya wadhamini bila cheti.

Kihamba hakikuingia. Mzee alisikitika, lakini kihamba hicho ni ardhi ya kijiji, ni makaburi ya babu zake, na ni makao ya mwanawe wa tatu. Ukikikabidhi kwa bodi yenye mtu wa nje, ukoo mzima utaamka. Badala yake, mwezi Desemba watu walipopanda nyumbani, kiliitwa kikao cha ukoo na mwenyekiti wa kijiji akaalikwa. Ukaandikwa muhtasari kwamba binti ana haki ya kuishi katika chumba cha mashariki, jiko na choo, maisha yake yote, na hata kama kaka yake atafariki mjane hatamtoa. Mzee mmoja wa ukoo alisema msichana hana kihamba. Mwenyekiti alikuwa amekuja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na akasoma kifungu cha 20: mila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Yule mzee akauliza kama sheria hiyo inajua alama za masale, ile mimea ya mipaka, zilipo. Watu wakacheka, na akasaini.

Miaka miwili ya kuendesha

Kodi za wapangaji ndizo zilizoanza kuvurugika. Wapangaji watatu walizoea kumtumia wifi kwa simu kwa kuwa ndiye aliyekuwa akipita kukagua. Hakuiba hata senti, ila kodi ilichanganyika na hela zake za vikoba, na mwisho wa robo hakuna aliyeweza kusema ipi ni ipi. Mdhamini anatakiwa kuitenga mali ya udhamini na mali nyingine yoyote, na anayekusanya kwa niaba yake vivyo hivyo. Tangu hapo kodi inalipwa benki, na mpangaji anapewa risiti akionyesha karatasi ya malipo.

La pili lilikuwa zito. Kwenye daftari la robo ya tatu kulikuwa na mstari mmoja: "Mkopo wa dharura, duka – 1,500,000." Kaka mkubwa alikuwa na mzigo wa nondo uliokwama, akamwomba rafiki wa mzee saini ya pili, akapewa kwa ahadi ya wiki mbili. Ikapita miezi miwili.

Mama mdogo alimpigia simu kaka mkubwa. "Baba, hii milioni moja na nusu iko wapi?"

"Shikamoo mama mdogo. Nilikuwa nakuja kukueleza."

"Marahaba. Njoo nayo."

Alikuja nayo, nusu siku ile na nusu baada ya siku kumi. Mama mdogo akamwandikia onyo na kumwacha kwenye nafasi yake. Mimi ningemwondoa. Sina shaka kwamba angelipa. Ila mdhamini aliyejikopesha mara moja ameshajua njia. Mama mdogo aliona mbali kwa namna yake: kumwondoa kungemtenga na dada yake, naye ndiye anayempeleka kliniki hospitali ya KCMC gari ya kukodi ikikosekana.

Aliyetikisika zaidi ni yule mstaafu wa benki. Alidhani saini ya pili ni ushahidi tu. Nilimweleza kwamba wadhamini walioshiriki kuvunja hati wanawajibika kila mmoja kwa deni zima. Kaka angeshindwa, mama mdogo angeweza kumdai yeye milioni yote na nusu, kisha yeye amtafute mwenzake. Tangu siku hiyo anasoma kila karatasi mara mbili, na wengine wanalalamika kwamba anachelewesha. Wacha achelewe.

Kitu kilichofanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia ni barua ya maelekezo. Haina nguvu ya hati, na mama anaibadilisha anapotaka. Ina kurasa nne za mwandiko wake. Inasema binti hanywi dawa kwenye kijiko cha chuma, apewe cha plastiki. Akisikia mashine ya kusaga anajificha, asilazimishwe kupita hapo. Akianza kukunja upindo wa kitenge mara kwa mara, kifafa kiko njiani, alazwe ubavu na mtu abaki naye. Wifi ameibandika ndani ya mlango wa kabati. Msaidizi mpya alipoajiriwa, ndiyo aliyosomewa kabla ya kuonyeshwa jiko.

Wosia wa zamani umefutwa. Mpya, uliohifadhiwa RITA, hautumii "naamini" popote, na unaelekeza kiinua mgongo kitakachobaki kiingie kwenye udhamini ule ule badala ya kuanzisha mwingine.

Lililobaki ni la mwangalizi. Mama mdogo ana miaka 66, anaugua presha, na hati inasema atamteua mrithi wake kwa maandishi. Hajamteua. Majina mawili yametajwa, moja ni la binti yake mwenyewe na jingine la katekista wa kigango, na kaka mkubwa hampendi katekista. Rasimu ya uteuzi iko tayari, nafasi ya jina ikiwa wazi, na kikao kimepangwa Desemba.